Msokotaji Yuko Wapi? Uhakiki wa Maonyesho ya Nyuzi Asilia

Maonyesho ya kazi za mikono huhakikiwa mara chache, ingawa nayo ni matini: yana mpangilio, yana maandishi, na yana mambo yanayoyanyamazia. Katika makala hii ninahakiki maonyesho ya nyuzi asilia yaliyofanyika hapa Kampala, ambayo niliyatembelea nikiwa mwanagenzi wa kusokota pamba kwa pia. Hoja yangu ni kwamba yalimtukuza mfumaji, yakamfuta msokotaji.

Nianze na sifa. Banda la kitambaa cha gome lilipangwa vizuri. Mgeni alioneshwa gome la mti wa mutuba, nyundo za mbao, na hatua za kuligonga hadi linakuwa kitambaa. Ufundi huo wa Waganda umo katika orodha ya UNESCO ya turathi zisizoshikika tangu 2008, na maelezo ya banda yalilitaja hilo. Mtu aliondoka akijua kwa nini bei ni kubwa.

Kwenye vikapu vya mkonge na shuka za pamba mambo yalikuwa mengine. Bango la Kiswahili lilisema kwamba vyote "vimefumwa kwa mkono". Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunajua kuwa kusokota, kusuka na kufuma ni vitenzi vitatu vya kazi tatu. Nyuzi za mkonge ni ndefu, hukaribia mita moja, hivyo mwanamke huweza kuzisokota juu ya paja kwa kiganja chake. Nyuzi za pamba ni fupi, takribani sentimita 3 tu. Usipozisokota vya kutosha, uzi hukatika. Ukizidisha, hujiviringa wenyewe. Ujuzi huo wote ulimezwa na kitenzi kimoja.

Hili si suala la msamiati peke yake. Ni suala la riziki. Nilimwuliza muuza vikapu mmoja, "Nyabo, kusokota nyuzi za kikapu hiki kulikuchukua muda gani?" Akanijibu, "Mwanangu, kusokota ndiko kunakomaliza siku. Lakini mnunuzi huhesabu kusuka tu." Kazi isiyotajwa hailipwi. Bango lililoificha lilimsaidia mnunuzi kuomba apunguziwe bei.

Huenda mtu akawatetea waandaaji kwa kusema kuwa kusokota ni kazi ya polepole isiyovutia macho. Utetezi huo haunishawishi, kwani kugonga gome nako ni kazi ya polepole, na watu walisimama wakatazama. Wala kusokota si jambo geni katika ukanda wetu. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alisimulia kuhusu vitambaa vilivyotengenezwa huko na kupelekwa hadi Misri. Katika magofu ya Kilwa, waakiolojia walipata vigae vilivyotobolewa katikati, vilivyotumika kama uzito wa pia. Na Uganda imelima pamba ya kuuza nje tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Nchi inayoijua pamba kwa magunia inapaswa kuijua pia kwa uzi.

Maonyesho yajayo hayahitaji bajeti kubwa ili kurekebisha hili. Yanahitaji kikapu cha pamba, pia moja, mama mmoja anayelipwa kwa siku yake, na bango lenye kitenzi sahihi. Bango hilo sisi tunaweza kuliandika.