Mufwankolo: Mwigizaji Aliyegeuka Kiongozi wa Jukwaa

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayechagua tamthilia ya Kiswahili kuwa mada ya utafiti wake huanza, kwa kawaida, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Hilo si kosa. Hata hivyo, kwa mwanafunzi aliyelelewa Kolwezi, Likasi au Lubumbashi, kuna tamthilia nyingine ambayo wazazi wake waliicheka muda mrefu kabla yeye hajajua maana ya neno "fani". Hiyo ni michezo ya Kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi, iliyotangazwa redioni na katika televisheni. Mufwankolo ni jina la jukwaani la mchekeshaji aliyekuwa pia kiongozi wa kikundi, hata kikundi chenyewe kikaitwa kwa jina hilo.

Makala haya yanashughulikia swali moja: mwigizaji huyu alipokuwa kiongozi wa jukwaa, aliongoza nini hasa, ilhali michezo yake haikuwa na mswada ulioandikwa?

2.0 Uongozi usio na mswada

Ushahidi tulio nao ni bora kuliko tunavyodhani. Mwaka 1981, Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha huko Vienna kitabu juu ya kikundi hiki. Mwaka 1990, Johannes Fabian, ambaye aliwahi kufanya utafiti Kolwezi katika miaka ya 1960, alitoa kitabu kinachofuatilia utungaji wa mchezo mmoja, hatua kwa hatua, mwaka 1986.

Chanzo cha mchezo huo kinajulikana. Fabian, akiwa mgeni mezani, aliandaliwa firigisi ya kuku. Akaambiwa kwa Kifaransa kwamba mamlaka huliwa yakiwa mazima, hayagawanywi. Aliwauliza waigizaji maana ya msemo huo. Wao hawakumjibu kwa maelezo tu, bali walitunga mchezo. Walijadili kisa, wakagawana sehemu, wakafanya mazoezi, na hatimaye wakaigiza katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi, mbele ya kamera za televisheni.

Katika utaratibu huu, kiongozi hatungi maneno ya kila mhusika. Anapanga mfuatano wa maonyesho na kuhakikisha kisa hakipotei njia. Maneno yenyewe humtoka mwigizaji papo hapo. Kazi ya namna hii inahitaji mtu aliyewahi kusimama jukwaani mwenyewe, akajua kwamba mwenzake akiongeza neno, naye hana budi kulipokea. Kwa maoni yangu, ndiyo sababu Mufwankolo hakuacha uigizaji ili awe kiongozi. Uongozi wake ulikuwa ni uigizaji uliopanuliwa.

Hapa ndipo penye kinaya ambacho uhakiki haupaswi kukipita. Kikundi kiliigiza mchezo juu ya mamlaka yasiyogawanyika, wakati wa utawala wa chama kimoja cha Mobutu, lakini kwa njia ya kutunga ambayo msingi wake ni kugawana neno. Maudhui yanasema jambo moja. Fani inatenda jingine.

3.0 Suala la lugha

Lugha ya michezo hii ni Kiswahili cha Katanga, kilichoenea migodini, katika kambi za wafanyakazi na mitaani tangu enzi za Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Ni Kiswahili kinachosema "batoto" badala ya "watoto", chenye udogishaji wa ka- na tu-, na kinachochanganyika na Kifaransa bila kuomba radhi. Wengi wetu tulisahihishwa darasani kwa kuandika hivyo, nasi tukajifunza kuona haya.

Jukwaani, mambo haya si makosa bali ni nyenzo. Mhusika anapohama kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa, mtazamaji husikia pia uhusiano ukibadilika: nani anataka kuheshimiwa, nani anajificha nyuma ya cheo. Ukiyasanifisha mazungumzo hayo, unabakiza kisa na kuua mchezo. Ousmane Sembène, aliyeanza kama mwandishi kwa Kifaransa, aligeukia filamu na kutoa Mandabi (1968) kwa Kiwolofu ili awafikie watu wake. Mufwankolo hakuhitaji safari hiyo, kwani hakuwahi kuondoka katika lugha ya watazamaji wake.

4.0 Kasoro

Ieleweke kwamba sifa hizi hazimwondolei mhakiki wajibu wake. Kicheko chaweza kuwa silaha, na chaweza pia kuwa mto wa kulalia. Mtazamaji anayemcheka mkubwa jioni na kumtii asubuhi amepunguziwa uzito wa mzigo, si mzigo wenyewe. Msemo wa firigisi waweza kuchukuliwa kuwa kejeli dhidi ya mtawala, au kuwa hekima inayomhalalisha. Kikundi kiliuacha utata huo. Wapo watakaouita woga. Mimi nauona kuwa gharama ya kuigiza mbele ya kamera za televisheni ya dola, ingawa gharama ikilipwa haiachi kuwa gharama.

5.0 Hitimisho

Tangu mwaka 2015 Kolwezi ni makao makuu ya Mkoa wa Lualaba. Tunapima kwa makini shaba na kobalti inayotoka mikoani mwetu. Maneno nayo yametoka: michezo hii imeandikwa na kuchapishwa ng'ambo, pamoja na maelezo ya Kifaransa na ya Kiingereza. Waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani, si lawama. Lawama ni yetu iwapo tutaendelea kumfundisha mwanafunzi kwamba tamthilia ya Kiswahili huanzia pwani na kuishia kwenye ukurasa uliopigwa chapa. Na tuanze na jambo dogo: somo moja, mchezo mmoja, ukisikilizwa kabla ya kusomwa, na "batoto" wakiachwa waitwe batoto.