Theluthi ya Katikati

Jino halikupigiliwa tayani kama msumari. Limetundikwa. Kati ya mzizi na mfupa kuna upenyo wa takriban robo milimita, na humo zimepita nyuzi za kolajeni, ncha moja imezama mzizini, nyingine mfupani, kama kamba za kitanda zilizowambwa. Mshtuko unaoupata ukitafuna kijiwe ndani ya wali huanzia humo.

Seli za upenyo huo ndizo tunazozikuza maabara. Mara nyingi huletewa gego la mwisho lililokosa nafasi, mwenyewe akiwa ameridhia. Tunalishika kichwani kwa koleo, tunalisuuza mara kadhaa, kisha tunachukua kisu. Hapo ndipo fundi hujulikana. Hakwangui mzizi wote: upande wa juu pamebaki ufizi, na kwenye ncha huingia tishu ya kiini cha jino. Akivichanganya, atakuza asichokijua. Hukwangua theluthi ya katikati tu, kisu kimelazwa, mkono mwepesi, na kinachotoka ni utando mweupe kama ngozi ya ndani ya yai.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa akitumia masikio. Kisu kikianza kutoa sauti kavu, alisema, kimeshaupita utando, sasa kinakwaruza sementi ya mzizi, yaani ganda lake gumu. Nimepata vipimo vingi tangu siku ile. Sijapata kizuri kuliko hicho.

Vipande huwekwa kwenye kisahani chenye lishe, ndani ya kabati la nyuzi joto 37 na kaboni dayoksaidi asilimia 5. Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Tunabadilisha lishe bila kuvitikisa vipande, maana kikibanduka, kazi imepotea. Kisha asubuhi moja, chini ya hadubini, pembeni mwa kipande imejitokeza seli moja nyembamba, imechongoka pande zote mbili kama ngalawa. Kesho yake ziko tano, nazo zimeelekea upande mmoja. Kila mara moyo wangu huruka.

Mwaka 2004 Byoung-Moo Seo na wenzake, huko Bethesda, Marekani, walionyesha kuwa miongoni mwa seli hizi zimo seli shina. Walizitoa kwenye magego 25. Zilipopandikizwa kwa wanyama wa maabara, zilijenga tishu inayofanana na sementi ya mzizi na nyuzi zake. Yaani utando huu wa kukwanguliwa una ufundi wake wenyewe.

Basi mtoto akianguka na jino la ukubwani likang'oka zima, lishike kichwani. Usilisugue. Likiwa na mchanga, lisuuze kwa maziwa, ulirudishe mahali pake papo hapo. Ikishindikana, litie kwenye maziwa mkimbilie kwa daktari wa meno kabla halijakauka. Ule utando bado umeushika mzizi, na seli zake zingali hai.