Sifa ya Chakula na Jina la Samaki

Kumwelekeza mgeni pa kula ni sanaa ya maneno, nayo yastahili kuhakikiwa. Aulizapo hapa Gasenyi, Bujumbura, mara nyingi hujibiwa: "Nenda Buyenzi, kuna chakula kizuri sana." Jibu hilo lina adabu, lakini ni tupu. Buyenzi ni mtaa mzima, tena ndio mtaa wa Waswahili tangu enzi za ukoloni. Mgeni abishe hodi mlango upi?

Msemaji hodari hutaja samaki, moto na saa: mukeke wa kuchomwa mkaani, jioni, angali wa moto. Msikilizaji husikia njaa papo hapo. Kwangu mimi, jina moja la samaki lashinda "tamu sana" kumi.

Ila jina hilo nalo lina mipaka. Kigoma, kwenye ziwa lile lile la Tanganyika, mukeke huitwa mgebuka, na ndagala huitwa dagaa. Mazungumzo ya mkahawani tunayofundisha darasani huishia kwenye wali na chai, kana kwamba ziwa halipo. Matokeo yake, mwanafunzi aliyefaulu mtihani aweza kuketi Kigoma akiulizia mukeke, aambiwe hakuna, na huku jirani yake anamla.