Kuisoma Seli Iliyolala Bila Kuiamsha

Panya wa maabara akichomwa sindano ya sumu ya swila kwenye msuli wa mbele ya muundi, sehemu kubwa ya nyuzi za msuli huo hufa kabla siku mbili hazijapita. Ukija kuutazama msuli uleule kwa hadubini wiki tatu au nne baadaye, unaukuta umejaa nyuzi mpya zinazojikunja na kulegea sawasawa. Kinachoutambulisha ni mahali pa viini tu. Katika uzi ambao haujawahi kuumia, viini hukaa pembezoni. Katika uzi uliozaliwa upya hujipanga katikati, na kwa panya hubaki hapo miezi mingi.

Nyoka anayetumika mara nyingi katika kazi hii ni Naja pallida, swila mwekundu mwenye kutema sumu, mkazi wa Kenya, kaskazini mwa Tanzania, Somalia na Ethiopia. Protini ndogo iliyosafishwa kutoka katika sumu ya aina hii, kadiotoksini, hutoboa utando wa uzi wa msuli hadi uzi ukafa. Lakini seli setilaiti, zile seli shina zilizojibanza ubavuni mwa uzi, nyingi hunusurika, nazo ndizo zinazoujenga msuli upya. Zinafanya nini kabla ya kuamka, na jeni zipi zinawaka ndani yake wakati huo wa usingizi? Kwa miaka mingi tulidhani tunalo jibu. Jibu hilo lilikuwa limechanganyika na kelele za wachunguzi wenyewe, na namna kelele hizo zilivyogunduliwa na kuondolewa ni kazi ya ustadi ambayo naona haijasimuliwa vya kutosha.

Alexander Mauro aliziona seli hizi mwaka 1961 katika msuli wa chura, kwa hadubini ya elektroni, kwenye Taasisi ya Rockefeller mjini New York. Alikuta seli nyembamba, kiini kikubwa, saitoplazimu kiduchu, imebanwa kati ya utando wa uzi na ganda linaloufunika uzi kwa nje. Alikisia kuwa huenda ni akiba ya kutengenezea msuli. Uthibitisho ulikuja polepole. Mwaka 2000 maabara ya Michael Rudnicki nchini Canada ilionyesha kwamba jeni Pax7 ndiyo alama ya seli hizi. Mwaka 2005 kundi la Terence Partridge mjini London lilipandikiza uzi mmoja mmoja ndani ya msuli wa panya mwingine, na ikaonekana kwamba uzi uliobeba seli setilaiti 7 tu ungeweza kuzaa nyuzi mpya zaidi ya 100. Kisha mwaka 2011 maabara kadhaa, kila moja kivyake, ziliteketeza seli zote zenye Pax7 ndani ya panya wakubwa na kuujeruhi msuli. Msuli haukujijenga. Mjadala wa nani anayejenga ukaishia hapo.

Mfuatano wa jeni nao unajulikana vizuri. Seli iliyolala hubeba Pax7. Ikiamshwa, MyoD hupanda. Hii ndiyo jeni ambayo maabara ya Harold Weintraub mjini Seattle iliitia ndani ya seli za tishu unganishi mwaka 1987, nazo zikageuka kuwa seli za msuli. Sijui jaribio jingine la zama zile lililoonyesha wazi namna hiyo nguvu ya jeni moja. Seli huanza kugawanyika kati ya siku ya kwanza na ya pili baada ya jeraha, na mgawanyiko hufikia kilele siku ya tatu au ya nne. Baadhi hurudi kulala ili akiba isiishe. Zilizobaki huzima Pax7, huwasha jeni ya mayojenini, huacha kugawanyika na kuungana kuwa nyuzi changa, ambazo kwa muda hutengeneza mayosini, protini ya kukunja msuli, ya aina ya kiinitete kabla ya kuhamia kwenye mayosini ya msuli uliokomaa.

Ugumu uko mwanzoni kabisa mwa mfuatano huo.

Katika msuli wa panya mzima, seli setilaiti ni asilimia chache tu ya viini vyote. Ili kusoma RNA zake, yaani nakala zinazoonyesha jeni zipi zimewaka, lazima uzitenge seli hizo na wingi ule mwingine. Njia iliyozoeleka ni hii. Panya anauawa, misuli ya miguu inakatwa, inasagwa kwa mkasi hadi inakuwa kama nyama ya kusaga, kisha inatiwa katika kolajenesi, kimeng'enya kinachokata kolajeni, mara nyingi pamoja na kingine kiitwacho dispesi. Chombo kinatikiswa katika joto la nyuzi 37. Baada ya hapo uji huo unachujwa, unazungushwa kwenye mashine ya kutenganisha uzito, na kuchanganywa na kingamwili zenye rangi zing'aazo: baadhi hushika seli setilaiti, nyingine hushika seli za damu na za mishipa ili zitupwe. Mwisho seli zinapitishwa moja moja mbele ya leza, na mashine inazichagua. Ndipo zinapasuliwa na RNA kutolewa.

Kazi yote hiyo huchukua saa mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Kwa muda wote huo seli ni hai. Ina joto la mwili, ina chakula, na imeng'olewa kutoka kwenye ganda lililokuwa likiiambia ilale. Ni sawa na kuvunja mlango wa nyumba usiku ili uhesabu waliolala: utapata idadi, lakini hutampata aliyelala.

Dalili zilikuwepo. Katika orodha nyingi za "jeni za seli setilaiti zilizolala" zilizochapishwa miaka ya nyuma, Fos na Jun zilikuwa juu kabisa. Hizi ni jeni zinazojulikana kuwaka ndani ya dakika chache seli ikipata msukosuko wowote. Seli iliyotulia ina haja gani nazo? Wapo waliotoa maelezo: labda usingizi wa seli hizi ni wa mang'amung'amu, labda seli iko tayari kila wakati. Maelezo hayo hayakuwa ya kipuuzi, na hilo ndilo lililoyapa maisha marefu.

Mwaka 2017 kundi la Alexander van Oudenaarden, Taasisi ya Hubrecht mjini Utrecht, lilisoma RNA za seli setilaiti moja moja badala ya kuzichanganya pamoja. Usomaji wa seli moja moja una faida hii: unaonyesha mgawanyo ambao wastani unaufukia. Walikuta seli zimegawanyika makundi mawili. Kundi moja lilikuwa na Fos, Jun na jeni za protini za mshtuko wa joto. Jingine halikuwa nazo. Mtafiti mwenye haraka angetangaza kwamba amegundua aina mpya ya seli shina. Wao waliurudia msuli wenyewe, wakaangalia kama kundi hilo lipo katika tishu ambayo haijaguswa na kimeng'enya, na wakahitimisha kwamba limezaliwa ndani ya chombo cha kolajenesi. Kwangu hiyo ndiyo hatua ya kusifiwa zaidi: kuutilia shaka ugunduzi wako mwenyewe wakati ungeweza kuuchapisha na kupigiwa makofi.

Kuonyesha kosa ni jambo moja, kupata kipimo safi ni jingine. Mwaka huohuo njia mbili zilitolewa, na zinafaa kutazamwa pamoja kwa sababu zimepita pande tofauti za kikwazo kilekile.

Ya kwanza ilitoka Créteil, Ufaransa, kwa Léo Machado, Frédéric Relaix, Philippos Mourikis na wenzao. Waliamua kuisimamisha seli kabla ya kuitoa. Msuli unatiwa katika paraformaldehaidi, jamaa ya dawa ya kuhifadhia maiti, ambayo huunganisha protini na RNA mahali pale pale zilipo. Baada ya hapo hakuna jeni inayoweza kuwaka wala kuzimika, hata kolajenesi ifanye kazi mchana kutwa. Kwenye karatasi inaonekana rahisi. Ukikaribia meza ya kazi, mambo yanabana. Dawa ikiwa kali mno, kimeng'enya kinashindwa kuikata tishu na RNA inakwama kiasi cha kutosomeka. Ikiwa hafifu mno, seli za katikati ya kipande zinaendelea kuhangaika wakati za juu zimeshasimama. Walitumia kipimo hafifu, kisha joto na vimeng'enya vya kulegeza vifungo kabla ya kusoma RNA. Kuzitambua seli, walitegemea panya waliotengenezwa katika Institut Pasteur mjini Paris, ambao jeni yao ya Pax7 hutia protini ya kijani ndani ya kiini. Kijani hicho hubaki hata baada ya dawa, hivyo mashine ya leza ingali inaweza kuchagua.

Walipolinganisha seli zilizosimamishwa papo hapo na zilizotolewa kwa njia ya kawaida, tofauti haikuwa ya jeni mbili tatu. Sehemu kubwa ya picha ilikuwa imebadilika, na jeni za msukosuko zilizokuwa zikihesabiwa kuwa sifa ya usingizi zilionekana kuwa za kuamka.

Njia ya pili ilitoka maabara ya Thomas Rando, Chuo Kikuu cha Stanford. Wao hawakuisimamisha seli. Waliiwekea RNA alama ikiwa ingali ndani ya panya aliye hai. Panya hao walipewa, ndani ya seli zenye Pax7 peke yake, kimeng'enya cha kimelea Toxoplasma gondii kinachoweza kuchukua kemikali iitwayo thiourasili na kuiingiza katika RNA mpya. Panya anadungwa thiourasili, saa chache zinapita, na RNA zilizotengenezwa na seli hizo katika muda huo zinabeba chembe ya salfa ambayo RNA nyingine hazina. Baadaye msuli mzima unasagwa, hakuna haja ya kuchagua seli, na RNA zenye salfa zinanaswa kwa kemikali.

Ukiniuliza nipendelee ipi, nitasema ya Créteil, kwa sababu inajibu swali lililoulizwa: RNA zipi zimo ndani ya seli kwa sasa? Ya Stanford inajibu swali la jirani: RNA zipi zinatengenezwa ndani ya saa hizi? Seli iliyolala hutengeneza kidogo na huhifadhi kingi, kwa hiyo majibu hayo mawili hayalazimiki kufanana. Tena alama ya salfa haikosi kuvuja kidogo, kwani seli nyingine zina njia zao hafifu za kuitumia kemikali hiyo. Ila njia ya Ufaransa ina gharama yake: seli imekufa. Huwezi kuipandikiza, huwezi kuitazama ikigawanyika. Kuna waliochagua kusoma viini peke yake kutoka katika msuli uliogandishwa. Ni haraka na safi, lakini viini vya seli setilaiti ni vichache mno kati ya maelfu ya viini vya nyuzi.

Sasa linakuja jambo linalonifanya niseme kwamba usafi wa kipimo haukuwa ushabiki wa mafundi. Baada ya 2017 ingekuwa rahisi kuifuta Fos kwenye kila orodha, kama uchafu. Mwaka 2021 kundi la Amy Wagers, Harvard, likiongozwa kazini na Albert Almada, lilionyesha kwamba Fos huwaka kweli ndani ya seli setilaiti mara tu baada ya jeraha, na kwamba seli zikinyimwa jeni hiyo msuli hujijenga vibaya. Machado na wenzake nao walichapisha mwaka huohuo wakiielezea hali hiyo ya msukosuko kuwa hatua ya kwanza ya kuamka. Kumbe kolajenesi haikuwa ikizusha uongo. Ilikuwa ikiigiza jeraha, na seli ilikuwa ikiitikia kama inavyoitikia jeraha. Bila kipimo cha seli isiyoguswa, hakuna ambaye angeweza kutenganisha kilichokuwepo kabla ya kisu na kilichokuja baada yake. Fos ingebaki sifa ya usingizi, na kazi yake halisi isingeonekana.

Lipo tabaka jingine ambalo orodha ya RNA hailifikii. Mwaka 2012 Colin Crist na maabara ya Margaret Buckingham mjini Paris walionyesha kwamba seli iliyolala tayari ina RNA ya Myf5, jeni nyingine ya msuli, lakini imefungiwa ndani ya chembechembe pamoja na RNA ndogo iitwayo mikroRNA 31, haigeuzwi kuwa protini. Seli ikiamka, chembechembe zinavunjika na protini inapatikana mara moja. Kwa MyoD nako, maabara ya Rando ilikuta protini iitwayo Staufen1 ikiizuia RNA yake isisomwe. Kwa hiyo hata orodha iliyo safi kabisa inakupa yaliyowekwa ghalani, si yanayotumika. Watafiti wanaoandika kwamba jeni fulani "inafanya kazi" kwa kuwa RNA yake imeonekana katika seli setilaiti wanaruka hatua moja kubwa.

Na umbo nalo limo katika hesabu. Mwaka 2022 maabara ya Robert Krauss mjini New York ilieleza kwamba seli setilaiti iliyolala ina mikono mirefu iliyotambaa juu ya uzi, na baada ya jeraha huikunja kwa kubadilishana nafasi kwa protini mbili, Rac na Rho. Mikono hiyo ni myepesi kupotea seli inapotolewa, pamoja na RNA yoyote iliyokuwemo. Kuisoma kunataka seli ibaki juu ya uzi wake. Njia za kusoma RNA juu ya kipande cha tishu zipo, lakini mojawapo ya zilizoenea sana hukusanya RNA kwa madoa yenye kipenyo cha maikromita 55, karibu upana wa uzi mzima wa msuli wa panya, hivyo sauti ya seli setilaiti humezwa na ya uzi wake. Njia ya kuhesabu RNA moja moja kwa vipande vya kung'aa vinavyozinasa chini ya hadubini inafika hadi ndani ya mkono mwembamba kabisa. Lakini hapo mtafiti hasomi jeni zote kwa pamoja, anachagua chache, na lazima awe anajua tangu mwanzo anatafuta zipi.