Tako la Nyani na Anakonda: Kuisoma Harrier kutoka Kiti cha Nyuma

Uhakiki mfupi kuliko wote nilioukuta kuhusu Toyota Harrier una maneno matatu tu: tako la nyani. Ulitungwa mtaani, mtunzi wake hajulikani, na umekubalika mpaka wauzaji wa Dar es Salaam wanauweka kwenye matangazo yao bila haya, kati ya mwaka wa gari na "bei maelewano". Ni lakabu ya toleo la pili, lililotoka Japani mwaka 2003. Toleo la tatu, la mwishoni mwa 2013, likapewa jina la Anakonda. Kwa wapenzi wa fasihi hii ni mali ya bure, maana gari moja limesomwa mara mbili na wasomaji walewale, wakafikia tafsiri mbili tofauti.

Mtengenezaji alikuwa na istiara zake. Harrier ya kwanza ilipoingia sokoni Japani mwaka 1997, tangazo lake lilimwonyesha mtu mwenye kichwa cha simba, amevaa suti ya kwendea hafla. Maana yake haikufichwa: ukali uliovaa adabu. Na ndivyo lilivyoundwa. Chini ya bodi kulikuwa na misingi ya Camry, gari dogo la kistaarabu kabisa, likanyanyuliwa na kupewa kifua cha jeep. Jina lenyewe ni la ndege wa jamii ya mwewe, na nembo ya ndege huyo ikabandikwa mbele. Marekani waliliuza gari hilohilo kwa jina la Lexus RX 300.

Mtaa wetu ukavitupa vyote, simba, suti na mwewe. Sababu naiona ni moja: tangazo hulitazama gari kwa mbele, sisi tunalitazama kwa nyuma. Kwenye foleni ya Morogoro Road humwoni simba, bwana, unaona makalio. Na makalio ya toleo la pili yana haki ya jina lake. Kioo cha nyuma kimelala, mlango umevimba chini yake, taa nyekundu zimekaa pembeni. Ni kejeli, lakini ni kejeli ya mtu aliyetazama vizuri. Anakonda nalo ni jina la jicho makini: taa nyembamba, uso uliobana, mstari wa madirisha unaopanda kuelekea nyuma. Lile la kwanza lilichekesha. Hili linatisha kidogo, na mwenye gari anapenda kutisha.

Kwa sura peke yake, basi, Anakonda anashinda. Dashibodi imefunikwa ngozi ya bandia yenye mishono inayoonekana, na usiku taa zake za ndani zinampa mtu heshima asiyokuwa nayo mchana. Ila urembo huo umedai malipo. Vitufe vya kiyoyozi vimekuwa uso laini wa kugusa. Kwenye barabara ya vumbi yenye matuta kidole kinatafuta baridi kinapata joto, na macho yanatoka barabarani. Kwenye tako la nyani kuna vitufe vya kubonyeza. Havipendezi kama vile, lakini unavijua gizani.

Sasa twende nyuma, maana huko ndiko gari la familia linakohukumiwa. Kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, toleo la pili lina milimita 2,715. Anakonda ana 2,660. Yaani urefu wa jumla wa magari haya mawili ni karibu uleule, lakini jipya limepunguza sentimita tano na nusu katikati, pale wanapokaa watu. Kiti cha nyuma cha tako la nyani kinasogezwa mbele na nyuma, na mgongo wake unalazwa. Mama yangu alikaa humo kutoka Dar hadi Lushoto. Alisinzia kabla ya Chalinze, akaamka Korogwe kuulizia machungwa. Ndani ya Anakonda abiria hateseki, lakini dirisha linalopanda linamnyima mtoto mandhari, na mashimo madogo yanapiga hodi zaidi.

Mwendo je? Toleo la pili lenye injini ya lita 2.4 lina gia nne tu. Kwenye kona za kutoka Mombo kupanda Soni linainama kama mzee anayeketi mkekani, na usukani wake ni mwepesi mno kukwambia tairi zinafanya nini. Ukilikimbiza, linakusihi upunguze. Anakonda wa lita 2.0 anakata kona akiwa amekaza mwili, usukani una uzito, na mlima wenyewe unaanza kupendeza. Kasoro ni gia za CVT: ukikanyaga mafuta sauti inatangulia, mwendo unafuata baadaye. Dereva akiwa peke yake atachagua Anakonda, na mimi nisingembishia.

Lakini Waswahili walikwisha sema: nyani haoni kundule. Anayeendesha ndiye mtu pekee ambaye haoni nyuma ya gari wala hakai kiti cha nyuma, na ndiye huyohuyo anayelinunua. Magari mengi ya siku hizi yameandikwa kwa ajili yake: uso mkali, kioo cha nyuma chembamba, dashibodi ya kupigia picha. Neno "familia" limebaki kwenye tangazo tu. Tako la nyani limeandikwa kwa ajili ya abiria, na uvivu wake kwenye kona ni sehemu ya wema huo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kama wewe ni wa ofisini na kurudi, chukua Anakonda, furahia. Kama safari zako zina mama mzee, watoto watatu na gunia la mkaa wa shemeji, nunua lile linalochekwa. Hata la mwisho kabisa limeshapita miaka kumi, kwa hiyo fedha utakayookoa usiile. Mpe fundi abadilishe shokapu na bushi kwanza, halafu ndiyo uwaite nyumbani waje wapande.