Mafuta Yapi, Mkanda Upi? Tahakiki ya Mswada wa Matunzo ya Gari

Tumeletewa mswada wa kijitabu kinachomwelekeza mwenye gari la familia namna ya kulitunza mwenyewe nyumbani, hasa gari ambalo limekwisha kutembea zaidi ya kilomita 150,000. Kusudi lake ni jema. Magari mengi yanayoingia nchini hufika yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na mtu mwenye mshahara wa kawaida hana budi kujua kulikagua gari lake kabla halijamlaza njiani. Mfasiri ni hodari na sarufi yake haina ila. Sisi tuliombwa kuuidhinisha msamiati wake tu. Tumeshindwa kufanya hivyo, na tungependa wasomaji waone sababu.

Mfasiri ameikimbia gereji. Kila neno la fundi amelikwepa kana kwamba linanuka oili. Rejeta ameiita "kipozajoto", plagi ameiita "kitoacheche", na shokapu "kimezamtikisiko". Maneno haya yameundwa kwa kufuata kanuni, wala hatuyacheki. Lakini tulipowasomea mafundi wawili ukurasa mmoja, wa kwanza alidhani kipozajoto ni feni, na wa pili akadhani ni kiyoyozi. Kiswahili hakikuanza leo kupokea majina ya vyombo. Usukani, wenye asili ya Kiarabu, ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari. Parafujo na bomba tulizipata kwa Wareno. Rejeta imepita njia hiyohiyo. Nasi tukiri sehemu yetu katika kosa hili: tumezoea kufundisha kwamba neno litafutwe kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo tugeukie lugha za kigeni, na katika kufundisha hivyo tumesahau kusema kwamba neno linalotumiwa kila siku chini ya mwembe wa fundi ni Kiswahili tayari.

Kama kosa lingekuwa hilo tu, tungeurudisha mswada pamoja na orodha ya masahihisho. Kubwa zaidi ni kwamba pale ambapo istilahi ilihitajika kwelikweli, mfasiri ameridhika na neno la jumla. Katika sura moja neno "mafuta" limesimama mahali pa vitu vitano: petroli, oili ya injini, oili ya giaboksi, grisi, na kile kinachotiwa katika kikopo cha breki. Kifungu kimoja kinasema, "Kikopo cha breki kikipungua, ongeza mafuta mpaka alama ya juu." Msomaji wa kifungu hicho ametoka tu kusoma habari za oili ya injini, na kopo lake liko mkononi. Atafanya nini? Kinachotiwa katika breki za magari mengi ni kemikali za jamii ya glikoli, zile ambazo chupa zake huandikwa DOT 3 au DOT 4. Si oili itokanayo na mafuta ghafi. Oili ya injini ikiingia humo, mipira ya breki hufura, na breki zaweza kukwama au kukataa kushika. Sentensi ile haina kosa hata moja la sarufi, nayo yaweza kuua watu.

Hapa gereji haitusaidii, maana fundi naye husema "mafuta ya breki". Lakini fundi anaishika chupa na kuitambua, ilhali msomaji wa kijitabu ana neno tu. Kwa sababu hiyo tumependekeza "kiowevu cha breki", neno ambalo walimu wa sayansi wanalifahamu, na mara ya kwanza lifuatwe na maelezo kwamba dukani huulizwa kwa jina la mafuta ya breki. Kipimo chetu ni hiki: neno la fundi libaki pale linapotenganisha vitu, na liachwe pale linapovichanganya kwa hatari.

Kwa kipimo hichohicho, "maji safi" ya betri hayafai. Maji ya bomba ni safi kwa kunywa, lakini yana chumvichumvi ziharibuzo betri. Wala "maji ya betri" pekee hayatoshi, kwa kuwa jina hilo hupewa tindikali pia, na katika betri inayotumika maji ndiyo hupungua huku tindikali ikibaki. Iandikwe "maji yaliyokenekwa".

Vivyo hivyo "badili mkanda kila maili 60,000". Mkanda upi? Afunguaye boneti huona ule wa nje unaozungusha alteneta; ataubadili huo, na mkanda wa taimingi uliofichwa ndani utaendelea kuchakaa mpaka siku ya kukatika, na katika baadhi ya injini kukatika huko huzigonganisha pistoni na vali. Injini nyingine hazina mkanda huo kabisa, zina cheni, na mswada haukulitaja jambo hili. Tena, gari lililotoka Japani huhesabu kilomita. Maili 60,000 ni kilomita 96,500 hivi, na atakayeisoma namba ile katika saa ya gari lake atabadili mapema mno. Hasara hapa ni ya mfuko tu, lakini mfasiri wa vipimo anapaswa kupiga hesabu.

Limebaki neno moja ambalo halikutupatanisha. Mswada unasema "badili mafuta ya injini". Mafundi husema "mwaga oili", wakiwa na maana ya kuitoa ya zamani na kutia mpya. Baadhi ya wenzetu wanaogopa kwamba asiyezoea atamwaga na kuishia hapo, au ataimwaga mtaroni. Sisi tumeandika "mwaga oili katika karai, kisha tia mpya", nao bado wanatupinga. Tutapokea barua za wasomaji.