Mngurumo wa Jiko la Shaba

Kabla ya kushika kifaa chochote, mzee aliinamisha sikio na kulipiga jiko pampu mara moja, kama asikilizaye kifua cha mtoto mgonjwa. Nilikuwa nimelipeleka kibandani kwake, karibu na soko la Mbuyuni, Moshi: jiko la shaba la mafuta ya taa, nililorithi kwa baba yangu mdogo, aliyekuwa mpishi wa safari za Kilimanjaro.

“Ngozi imekauka, mwanangu. Jiko ni zima.”

Akachomoa pampu, akatoa kile kipande cha ngozi mfano wa kikombe, akakidondoshea mafuta na kukikanda kwa vidole mpaka kikalegea. Akazibua tundu la moto kwa sindano, akamimina spiriti kwenye kisahani, akawasha, akangoja. Hakuchezea chochote wakati ule wa kungoja. Spiriti ilipokaribia kuisha akafunga skrubu ya upepo na kupiga pampu taratibu. Moto wa njano ukaruka, ukayumba, kisha ukawa wa buluu, na mngurumo ukajaa kibanda. Nilirudi utotoni papo hapo.

Usiku wa kuamkia safari, baba mdogo alipanga sakafuni jiko, chupa za mafuta na sufuria, akavibeba vyote pamoja kupima uzito. Jiko peke yake hakulipima kamwe. Huko juu kuni ni marufuku, na kwenye kambi ya Kibo, mita kama 4,700, maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 85 hivi. Wali hukawia kuiva, mafuta yakazidi kwenda. Jiko jepesi lenye ulafi, alisema, humlemea mpagazi. Sindano ya kuzibulia aliichomeka ndani ya ukosi wa koti, na ngozi ya akiba aliifunga kwenye leso. Mama alipofua koti lile alijua pa kupapasa kwanza.

Majiko ya jamii hii yalianza kwa Msweden Frans Lindqvist mwaka 1892, na ndiyo yaliyowayeyushia theluji Amundsen na wenzake walipofika Ncha ya Kusini mwaka 1911. Yalifika huko kwa sababu mtu aliweza kuyafungua na kuyatengeneza kwa mikono yake.

Siku hizi nawasikia wapanda milima wakiulizana gramu tu. Jiko dogo la gesi ni jepesi kweli, hata gramu 100 halifiki. Lakini mkebe wake wa butani hunywea baridi ikishuka chini ya sifuri, mpaka ulale nao ndani ya blanketi. Nao ukiisha, hutupwa. Kimfundishe nini kijana kitu kisichofunguka?

Nilimuuliza mzee nani anajifunza kazi yake. Akageukia kigoda cha mwanafunzi, pembeni. Juu yake palikuwa na boksi la makava ya simu ya mjukuu wake. Akalegeza skrubu, upepo ukatoka polepole, moto ukafa.